Watoto wa Chekechea Wananiharibia Tembo

Kijiji cha Ujamaa, karibu na Madimba,
Mtwara.
Juni, 1975

Ndugu Afisa Utamaduni,

Kwa heshima zote nakuletea malalamiko dhidi ya watoto wa chekechea ya kijiji chetu, ambao ulinituma nikawafundishe usanii. Mimi ni mchongaji wa mpingo. Tangu kabla ya Azimio la Arusha nachonga tembo yule yule: amesimama, mkonga juu. Sijawahi kumkosea, kwa sababu sijawahi kujaribu kitu kingine.

1. Niliwawekea tembo wangu mezani wamwige kwa udongo. Mwanakombo, ambaye hata meno ya mbele hana, akafinyanga tembo aliyelala. Nikamweleza kwamba tembo husimama. Akaniuliza kama hata usiku. Darasa zima likangoja jibu, na mwalimu wao, Hadija, naye akangoja.

2. Issa alifinyanga mbuzi mwenye vichwa viwili: kimoja kinakula muhogo, cha pili kinaangalia kama mwenye shamba anakuja. Nilimkaripia sana. Tangu siku hiyo nawatazama mbuzi wa kijiji, na kusema kweli, ndivyo walivyo.

3. Mikono yangu imeharibika. Juzi nilianza kuchonga tembo wangu wa kawaida, akapiga magoti mwenyewe. Mke wangu Rehema, ambaye miaka yote hufagia vumbi la mpingo bila kuuliza limetoka kwenye nini, alisimamisha ufagio akauliza mnyama huyu kachoka nini. Hajawahi kuniuliza lolote kuhusu kazi yangu. Ndugu, nilitokwa na machozi, nikasingizia vumbi.

4. Baya zaidi, duka la ushirika limemchukua huyo aliyepiga magoti, wale waliosimama nikarudishiwa. Wazo ni la Mwanakombo, sifa nimepewa mimi. Kwenye mikutano ya tawi la chama tunafundishwa kwamba anayeishi kwa jasho la mwenzake ni mnyonyaji. Basi mnyonyaji amepatikana kijijini kwetu, na kwa bahati mbaya ni mimi.

Kwa hiyo naomba uniondoe chekechea mara moja, unirudishe kwenye kibanda changu mikoroshoni, ambako hakuna anayeniuliza maswali.

Nisalimie wote nyumbani, karani wako, na yule dereva wa Landrova aliyeniletea barua ya uteuzi huku akicheka.

Wako katika ujenzi wa taifa, ingawa kwa sasa nabomoka,
Petro Nandonde,
Mchongaji

N.B. Kama unafikiria kumleta yule mchongaji Danieli wa Mikindani ashike nafasi yangu, tafadhali usithubutu. Kesho watoto wanafinyanga mvua. Nimewaza tangu asubuhi mvua inafinyangwaje, sijui, na lazima niwepo.