Kitabu Chini ya Kinanda

Jumatatu, 4 Mei

Nimekimaliza tena kile kitabu cha maktaba. Mara ya sita. Kisa cha kweli kabisa: mama mwenye mguu mmoja anazunguka ziwa zima kwa baiskeli. Anaanguka karibu kila ukurasa. Anainuka, anajisawazisha, anaendelea. Nakipenda kuliko ninavyopenda watu wengi. Leo Madamu Moreen wa maktaba katangaza: Jumamosi, atakayekielezea vizuri mbele ya watu atapewa kiwe chake. Mbele ya watu! Mimi ninayetoka jasho nikiitwa tu jina darasani! Lamunu, binti wa afande, anakitaka pia. Amefika nusu tu. Kaniuliza, wote wakisikia, kama mimi, Elisée, nitaongea ama nitatetemeka.

Jumanne, 5 Mei

Mpango! Nimekificha kwenye rafu ya Kifaransa. Tangu nihamie shule ya Kiingereza na kuacha kuisoma, hakuna anayeigusa. Lamunu hatamaliza ng'o. Jioni nikafanya mazoezi ya hotuba nimesimama kwa mguu mmoja, kama yule mama. Nikaangukia sufuria ya maharage. Mama akasema kama nina pepo, nimwambie kabla ya Jumapili.

Alhamisi, 7 Mei

Rafu tupu! Madamu Moreen anasema vitabu vya Kifaransa vyote vimepelekwa kanisa la Wakongomani, mtaa wa Kasubi. Kanisa letu! Nikakimbia. Nikakiona: chini ya mguu mfupi wa kinanda. Mama Marlène wa kwaya anashukuru Mungu, kinanda hakiyumbi tena. Nilitaka kukiomba. Wanakwaya ishirini wakanigeukia. Nikasema nimekuja kusalimia tu. Wakanipa kayamba. Nimeipiga mpaka saa kumi na mbili.

Jumamosi, 9 Mei

Lamunu kaeleza ile nusu yake, watu wakapangusa macho. Kisha Madamu akauliza kitabu kiko wapi. Akamgeukia mlinzi, Mzee Odur: kama kimeibwa zamu yake, kazi basi. Mzee akavua kofia. Nikajikuta nimesimama. Nikasema yote, rafu, kinanda, kayamba. Sikutetemeka! Hotuba yangu ya kwanza maishani, nayo ya kujishtaki. Madamu akasema nimeongea vizuri ajabu. Ila kitabu, akasema, ni cha Lamunu. Mimi nikatumwa kanisani kukileta, tofali mkononi la kuweka mahali pake.

Lamunu kaniambia pole, akimaliza ataniazima.

Akimaliza! Anasoma kama konokono. Ila nina mpango bora zaidi. Kesho nitamwambia yule mama wa baiskeli anakufa kabla ya kumaliza safari. Hafi, lakini Lamunu hapendi visa vya vifo. Atanirudishia kabla ya Jumatano.