Mwanachama Nambari Kumi na Nne Aomba Kuongezewa Kikomo

Jumatatu, 7 Julai

Twalib kaongezewa kikomo cha kadi ya mkopo. Twalib! Fundi cherehani mwenzangu wa mlango wa pili, anayeshona zipu kichwa chini! Kutoka randi elfu tatu mpaka elfu kumi na mbili, na kadi ni ileile ya chama chetu cha akiba, Tuinuane, kule Braamfontein. Habari kaileta binamu yangu Bakiri, huku anatafuna vitumbua vyangu. Mimi ni mwanachama nambari kumi na nne. Twalib ni mia mbili na kitu. Na kikomo changu kimelala palepale kwenye elfu tatu.

Si wivu. Nina haja. Mzee mmoja anafunga karakana yake hapa Jeppestown na anauza overloki ya kiwandani, ile mashine ya kumaliza pindo, kwa elfu tisa na mia tano. Kakubali kunishikia mpaka Ijumaa. Shule ya jirani inataka sketi mia mbili, na mwalimu mkuu kasema zisizo na pindo la overloki hataki hata kuziona. Nikiipata kazi hiyo, nahama kwenye chumba hiki cha kuta za mbao ambamo namsikia Twalib akipiga miayo. Nikiikosa, ataipata yeye.

Nimepanda basi kwenda Braamfontein. Karani wa mikopo, Muhammad, kanieleza kwa upole kwamba kikomo hakiongezwi kwa ukongwe wa uanachama. Anataka ushahidi wa kipato. Nikamwambia kipato changu ndicho hiki anachokiona. Akatazama viatu vyangu. Nimeudhika hadi sasa.

Jumanne, 8 Julai

Ushahidi wanautaka? Watapata.

Nimejiandikia barua ya ajira. Kichwa cha barua: Mselem na Wanawe. (Wana sina, ila kampuni yenye wana huaminika.) Barua inathibitisha kwamba Bwana Mselem ni mkuu wa mafundi na analipwa vizuri, tena kwa wakati. Nikatia na sifa kidogo: mpole, msafi, hachelewi. Kusema kweli nilipoisoma nilijiona mtu.

Muhammad kaisoma mara mbili. Akasema ni barua nzuri, ngoja ampigie mkurugenzi athibitishe. Sikuwahi kulifikiria hilo. Simu ikalia mfukoni mwangu. Nikaiacha ilie. Akaniuliza kama sipokei. Nikamwambia mkurugenzi yuko mkutanoni.

Watu kwenye foleni walicheka, tena na wasiohusika. Katika chama nilichokiasisi mimi! Au nilichojiunga nacho karibu na mwanzo.

Jumatano, 9 Julai

Bakiri kanipa siri. Anasema chama huongezea kikomo wale wanaoitumia kadi na kuilipa kwa wakati. Hapo pa kulipa sikupasikiliza sana, maana chai ilikuwa inachemka. Ila pa kuitumia nimepaelewa vizuri. Kumbe kosa langu ni ubahili! Kadi yangu imekaa tu mfukoni, na chama kinadhani sina matumizi.

Basi nimetumia. Hita ya umeme moja, maana baridi ya huku haina adabu. Mablanketi matatu. Mahameli ya zambarau mita arobaini, ambayo hakuna mteja aliyewahi kuyaomba, lakini yalikuwa yamepunguzwa bei. Jumla randi elfu mbili mia tisa na sitini. Zikabaki arobaini. Nikaenda spaza, kiduka cha mtaani, nikanunua biskuti za arobaini ili isibaki hata senti.

Mtumiaji gani wa kadi atanizidi mimi leo?

Alhamisi, 10 Julai

Nimeipeleka taarifa ya kadi kwa Muhammad nikiwa nimenyoosha kifua. Akashika kichwa. Anasema mtu akimaliza kikomo chote kwa siku moja, wao huogopa. Nikamuuliza wanaogopa nini, kadi si ni ya kutumia? Mtu asipoitumia hamumjui, akiitumia mnamwogopa! Nikamwambia hivyo kwa sauti kubwa, na mlinzi akasogea.

Muhammad akaniambia yeye hana la kufanya tena, kesho asubuhi niende mbele ya kamati ya mikopo. Vizuri sana. Huko kuna watu wazima.

Ijumaa, 11 Julai

Siku mbaya kuliko zote.

Mwenyekiti wa kamati ni Mama Léocadie wa Lubumbashi, mwenye duka la vitenge. Alianza na barua yangu. Aliuliza, "Papa Mselem, hii barua ulijiandikia weye mwenyewe?" Nikajibu kwamba iliandikwa na uongozi. Akaiweka kando. Kisha akatoa karatasi nyingine na kuniuliza kama sahihi ile ni yangu.

Ni yangu. Ndefu, yenye mkia.

Karatasi ilikuwa fomu ya udhamini. Mdhamini: mimi. Anayedhaminiwa: Twalib! Kiasi: randi elfu nane!

Nikakumbuka yote. Akika ya mwanawe Twalib, mwezi wa Machi. Tumekula pilau, tumeshiba, na karatasi ikapita mkekani kama kawaida. Sisi tunajua karatasi ikipita baada ya pilau ni ya michango. Unaandika jina, unaandika kiasi kikubwa watu wakione, na kutoa ni habari nyingine. Nani husoma karatasi ya mwenyeji mbele ya mwenyeji, na nyama yake bado iko kwenye meno? Bakiri alikuwa ameandika elfu moja. Nikaandika elfu nane kumkomesha. Nakumbuka nilishangaa kuulizwa nambari ya uanachama. Nikafurahi kuiandika.

Mama Léocadie akanieleza taratibu, kama anayemsomea mgonjwa. Kwa udhamini wa Bakiri peke yake, Twalib angeishia elfu nne. Mimi ndiye niliyempandisha mpaka kumi na mbili. Na maadamu jina langu limeshikilia kadi ya mtu mwingine, yangu haiguswi.

Mimi! Ngazi ya Twalib!

Nimerudi Jeppestown na nani namkuta mlangoni? Twalib na overloki. Yangu! Ya mzee! Mzee kasema alinisubiri mpaka saa sita. Twalib akaniomba nimshikie upande mmoja kwenye ngazi. Nikashika, kwa sababu watu walikuwa wanatazama. Kanipa upande mzito.

Jumamosi, 12 Julai

Nimemwendea Twalib nikiwa nimeyapanga maneno. Bakiri naye alikuwepo, nikaanza naye. Nikamuuliza alijua kuwa ni fomu ya udhamini? Akasema alijua, kwani aliisoma. Eti alidhani nami nimeisoma! Binamu wa damu!

Twalib hakubisha. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Alisema tangu akika alikuwa ananiombea dua kwa wema ule. Kisha akasema mwalimu mkuu kamlipa nusu mbele, na akachukua simu palepale, akailipa kadi na kuniondoa kwenye udhamini. Ujumbe wa Tuinuane ukaingia kwenye simu yangu: nimeachiliwa.

Kuna zaidi. Sketi mia mbili hazimudu peke yake, na mwalimu mkuu kakubali mia moja zije kwangu, ilmradi Jumatatu niwe na overloki. Na yule mzee anayo nyingine, kuukuu kidogo, elfu tatu. Mama Léocadie kapigiwa simu na Twalib, akasema jina langu sasa ni safi, nikaombe tena, mradi nisiandike barua.

Nilikaa kwenye ngazi kidogo. Sikulia. Ni baridi tu.

Jumapili, 13 Julai

Dua na pilau kwa Twalib, kuiombea mashine yake. Nimekula kwa haki.

Karatasi ikapita. Safari hii sikudanganyika! Niliisoma neno kwa neno, mwenyeji akitazama, na sikujali. Fomu ya udhamini. Ya Bakiri, anataka kuongezewa kikomo. Bakiri mwenyewe akaninong'oneza niipishe, nisubiri mpaka nipate mashine. Nilikuwa naipisha kweli.

Ila nikaona Twalib ameandika elfu tatu.

Elfu tatu, kwa binamu yangu! Mbele ya watu! Nimwachie Twalib amdhamini ndugu yangu, mimi nimekaa nalamba vidole? Nikaandika elfu nane. Nambari ya uanachama nikaiandika kubwa. Hesabu yangu ilikuwa kamili: kesho saa mbili asubuhi mimi niko ofisini, na Bakiri haamki kabla ya saa nne kuipeleka fomu yake.

Kumbe aliyekaa kulia kwangu, anamenya chungwa, ni Muhammad. Akaipokea fomu, akaipiga picha kwa simu, akaituma ofisini. Jumapili! Na mafuta ya pilau vidoleni! Hiki ni chama cha aina gani kisichojua siku ya mapumziko?

Kesho nawahi basi la kwanza. Nitaanza na malalamiko dhidi ya karani huyo, kisha nitaomba kuongezewa kikomo. Sioni sababu yoyote ya kunikatalia.