Askari wa Hewa wa Gredi ya Pili

Jumatatu, 16 Juni 2025
Mwalimu Mkuu wetu hapa Tiwi, Bwana Tembo, ametangaza: Ijumaa afisa wa elimu anatoka Kwale kuja kuona tunavyowafundisha watoto mabadiliko ya tabianchi. Darasa litakalomfurahisha litapelekwa Gazi kuona mikoko. Mwalimu Veronicah wa Gredi ya Tatu tayari ana miche kwenye pakiti za maziwa. Akaniuliza kama nahitaji msaada. Msaada! Mimi, Gerishom wa Gredi ya Pili! Nilicheka kwa meno tu.

Jumanne, 17 Juni
Nimemlaza mwanafunzi wangu Fondo mbele ya darasa awe dunia. Nikamfunika blanketi: huo ndio moshi wetu, unazuia joto lisitoke. Nikaongeza la pili. La tatu. Dunia ikaanza kukoroma. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kuiamsha, hata mimi. Lakini wameelewa! Nimewavisha beji za katoni: Askari wa Hewa. Amri: mkiona moshi, zimeni. Veronicah atanikoma.

Jumatano, 18 Juni
Sijanywa chai. Jemima, kiranja wangu, alipita kwa Mama Salimu anayetuuzia mahamri langoni. Akamwamkia shikamoo kwa adabu zote. Mama Salimu anasema hata marahaba hajaimaliza, ndoo ya maji ikamwagwa jikoni. Pssss! Amekuja ofisini, unga hadi viwikoni. "Mwalimu, sasa mimi nile hiyo hewa mnayoilinda?" Nimeomba radhi mara nyingi. Veronicah alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akanigawia muhogo wake. Sikutaka kuupokea. Mtamu sana.

Alhamisi, 19 Juni
Nimebadilisha amri: jiko la mtu haliguswi, moto wa takataka tu. Jemima akauliza, na mwenye kuuwasha je? Nikasema akamatwe, hata awe nani. Makofi! Na hapo hapo wazo likanijia. Kesho nitachoma makuti nyuma ya darasa, kwa siri. Afisa atatokea, askari wangu wauzime mbele ya macho yake. Nani atatazama miche?

Ijumaa, 20 Juni
Afisa, Bi. Gillian, alikawia ofisini kwa chai. Askari hawakukawia. Walinikuta nimechutama, kiberiti mkononi, napuliza. Kisha Jemima akasema kwa huzuni, "Samahani, Mwalimu. Uko chini ya ulinzi." Wakauzima moto kwa mchanga, wakanipeleka ofisini mikono kichwani. Fondo alilia njia nzima, lakini shati langu hakuliachia. Bi. Gillian akauliza nimekosa nini. Wakamweleza wote kwa pamoja: moshi, blanketi, joto, mvua zisizokuja kwa wakati wake, mahindi ya babu yake Fondo yaliyokauka kule Kinango. Vizuri kuliko kitabu. Fondo akaniombea niachiliwe: "Ni mwalimu mzuri, ila hasikii." Afisa alicheka hadi machozi. Mshindi: Gredi ya Tatu.

Jumamosi, 21 Juni
Veronicah amepita nyumbani. Amemwomba Mwalimu Mkuu madarasa yote mawili yaende Gazi, eti miche ni mingi, mikono ya kuipanda michache. Akaniambia nije na watoto tu, mipango niiache. Mwanamke mwema, ila hajui kitu. Kosa langu nimeliona: moto hutoa moshi, ukawaita watu mapema. Maji hayana moshi. Jumatatu somo letu ni kupanda kwa bahari. Nimeomba ufunguo wa tangi la maji la shule, na Mwalimu Mkuu hakuuliza wa nini.