Kliniki ya Masikio ya Mbwa Yafunguliwa Homa Bay

Homa Bay, 9 Septemba 1966. Ni miezi saba tangu niondoke Kehancha kuja kuvunja mawe ya barabara.

Ndugu yangu Maroa, umesema unataka kumleta mbwa wetu Kamata kwenye kliniki mpya ya huku, kwa sababu sikio lake linanuka tena na hasikii wezi wa ng'ombe wakija. Kabla hujafunga safari, soma hotuba ya ufunguzi. Niliisikiliza nikiwa nimeegemea sururu, na Bwana Afisa alisema hivi:

"Waheshimiwa machifu, wazee wa komiti, wachungaji wa makanisa yote, mabibi na mabwana, ninyi wavunja mawe mliokuja kutafuta kivuli, na mbwa wote mliohudhuria kwa nidhamu! (Makofi. Mbwa mmoja anabweka.) Mimi, Nicanor Odero, Afisa Mkuu Msaidizi wa Muda wa Masikio ya Mbwa, nimelisoma jambo hili kwa kina, tena kwa Kiingereza. Sikio la mbwa halikunyooka kama bomba. Linashuka, halafu linapinda kona, na maji yakiingia pale hayatoki, usaha unafanyika, mbwa anajikuna na kutikisa kichwa, na mwenyewe akitia dawa siku mbili harufu ikapungua, anaacha, kumbe ugonjwa umekaa konani unamngojea. (Watu: Kweli kabisa.) Basi, kwa heshima ya siku ya leo, niliamuru kila mbwa aogeshwe ziwani asubuhi, kichwa na vyote. (Mbwa wote wanatikisa vichwa.) Asanteni, naona hata wao wanaunga mkono.

Kuhusu takwimu, programu yangu imekwisha kuponya mbwa wanne, yaani asilimia mia moja ya mbwa wanne. (Filister, mama muuza samaki, anasimama: 'Bwana Afisa, hao wanne ni mbwa wangu huyu mmoja. Kila akianza kunuka upya unamponya tena.' Kicheko.) Mama, keti. Mbwa aliyepona mara nne ana faida kwa taifa kuliko aliyepona mara moja. (Machifu wanapiga makofi.)

(Filister tena: 'Na dawa iko wapi?') Dawa iko katika mpango, mama. Daktari naye yuko katika mpango, ukurasa uleule. Uhuru na masikio! Masikio na maendeleo! Nawashukuru wamisheni kwa kutuazima hema hili, ambalo wanalitaka saa kumi kwa ajili ya harusi, na bibi harusi kwa kutuachia utepe niukate mimi kwanza. Kliniki yenyewe tutaifungua tena itakapojengwa. Asanteni."

Basi, Maroa, mwache Kamata nyumbani, na usimvushe mtoni. Dresa wa mifugo wa huku, yule msaidizi anayetibu ng'ombe, ameahidi kunipa dawa, na safari hii tutaitia mpaka mwisho, hata harufu ikiisha. Mpaka hapo lala wewe karibu na zizi, umsikilizie. Nitafika Krismasi.