Mayai Yangu na Samaki wa Marit

Jumatatu, 3 Machi

Nimekasirika tangu asubuhi. Bosi wetu, Dk. Halvorsen, katangaza eti Ijumaa atachagua njia moja tu ya kupima dawa yetu ya kuotesha mishipa ya damu: mayai yangu ya kuku au samaki wa Marit, mwenzangu hapa maabara. Atakayeshindwa atakuwa msaidizi wa mwenzake. Mimi, nimsaidie Marit! Visamaki vyenyewe vidogo kama ukope. Eti vinapitisha mwanga, mishipa inaonekana bila kupasua kitu. Upuuzi mtupu!

Jumanne, 4 Machi

Kila yai linataka kidirisha kwenye ganda, kwa mkasi, taratibu. Kisha kijikaratasi chenye dawa, au kitupu cha kulinganishia, juu ya utando wenye mishipa unaomzunguka kifaranga ndani, kisha selotepu. Nani ana muda huo? Nimeleta drili ya shemeji. Vuuu! Mayai yote yameisha kabla ya chakula cha mchana. Marit akapita, akaniuliza vumbi la ganda linakwenda wapi. Nikamwambia ashughulike na ndoo zake. "Haya, fundi," akasema, akaenda zake anacheka. Mshenzi.

Alhamisi, 6 Machi

Mishipa! Imekimbilia kijikaratasi kutoka kila upande kama spoku za baiskeli. Nimemtumia Marit picha. Halafu nyingine. Hajajibu. Wivu huo!

Ijumaa, 7 Machi

Aibu. Bosi kaomba kuona mayai yenye vijikaratasi vitupu, yasiyo na dawa. Sikuwa nimeyaangalia. Ya nini? Tukayafungua mbele ya watu. Mishipa ile ile, spoku zile zile! Marit akaeleza, kwa upole wa kuudhi, kwamba vumbi la ganda likiangukia utando, utando unawashwa na kuotesha mishipa wenyewe, dawa iwepo isiwepo. "Si nilikuuliza, Garth? Ukanifukuza." Chumba kizima kikacheka. Samaki wameshinda. Nimepiga mlango teke. Ni wa chuma. Kidole kimevimba.

Jumatatu, 10 Machi

Mimi ndiye msaidizi wa Marit. Nina hasira mpaka masikio yanawaka. Kaniamuru visamaki vikae kwenye nyuzi joto ishirini na nane, nisiguse kitu, eti maabara zote hufanya hivyo. Wavivu wote! Tungoje mishipa mpaka lini? Kaenda kula. Nimepandisha hadi arobaini.

Vimetulia, hata mkia hautikisiki. Vimelala. Vizuri sana, usingizi unakuza. Akirudi atanishukuru.