Binamu Yangu, Mume Wangu, na Kodi ya Riba

Jumatatu, 4 Novemba
Mgongo umekufa. Lami tangu alfajiri, mvua juu yake. Nimerudi nikakuta barua ya benki: riba ya akiba yetu ya kununua karavani, kile kijumba cha kukokotwa na gari, imekatwa kodi tena! Mehmet wa kazini anasema yeye na mkewe hawakatwi. Wanandoa husaini pamoja karatasi ya msamaha, na riba ndogo kama yetu haiguswi.

Mimi na Jupp ni wanandoa, wanaume wawili. Tatizo ni mdomo wangu. Siku ya kufungua akaunti nilimwambia Bi Küppers wa benki kwamba Jupp ni binamu yangu. Ningefanyaje? Mumewe ndiye nyapara wangu. Kinachoingia sikioni mwa yule mama asubuhi, mchana kiko kwenye lami.

Jupp ametua sufuria mezani kwa kishindo. Amechoka kuwa binamu. Niende nikaseme yeye ni mume wangu, la sivyo anachukua nusu yake anakwenda baharini na dada yake, na karavani nikainunue na binamu mwingine.

Jumanne, 5 Novemba
Mpango! Kuna tawi jingine la benki ng'ambo ya mto, hawanijui. Nikamwambia nyapara jino linauma. Akauliza lipi. Nikaonyesha moja.

Kijana wa kule akafungua kompyuta: Zdravko, yaani mimi, na Jupp, binamu. Akasema hilo linarekebishwa kwenye tawi letu, na twende wote wawili. Nimepoteza nusu siku. Kazini nyapara ananiangalia nikitafuna. Nimekula soseji kwa upande mmoja kama mbuzi mgonjwa.

Alhamisi, 7 Novemba
Mpango bora. Nimepiga simu benki kwa sauti nzito, bila jina. Nikauliza kama binamu wawili wanaopendana sana, kibinamu tu, wanaweza kupata huo msamaha wa pamoja. Bi Küppers akajibu kwa upole kwamba ni wa wanandoa peke yao. Ndugu, marafiki, binamu, wote wanakatwa. Kisha akanipa pole ya jino.

Jupp ameanza kuuliza nauli za treni za baharini.

Ijumaa, 8 Novemba
Tumekwenda. Jupp kavaa koti la harusi na kubeba cheti cha ndoa. Kwenye basi nilikariri kimoyomoyo. Tukakaa mbele ya Bi Küppers na nikasema! Huyu ni mume wangu. Kwa sauti, hata mzee wa foleni aligeuka. Jupp akanishika mkono. Nikajiona mrefu kama minara ya kanisa kuu.

Bi Küppers akatupongeza. Akatazama kompyuta. Akatutazama sisi. Akauliza, taratibu, lakini si alikuwa binamu yangu?

Hapo ningesema nilidanganya. Neno moja tu. Nikasema ni vyote viwili.

Jupp akaniachia mkono. Bi Küppers akauliza binamu upande gani. Upande wa mama yake Jupp, nikasema. Akaenda kwa meneja, akarudi mwekundu: sheria haikatazi. Tumesaini wote. Kodi ya mwaka huu itarudishwa!

Nje Jupp akasema nilianza vizuri mno, ndiyo maana inauma.

Jumatatu, 11 Novemba
Leo inafunguliwa kanivali, sherehe ya mitaani ya kuvaa vituko na kunywa bia, saa tano tumeachwa twende mjini. Kikosi kizima kinajua. Kuhusu mume, hakuna aliyeshtuka. Nyapara alisema alishajua, hakuna binamu duniani anayemfungia mwenzake mkate namna ile. Miaka yote nimejificha bure!

Lakini kuhusu ubinamu, lo! Mehmet akauliza kama siku ya harusi bibi yetu alikaa upande wa bwana harusi au upande wa bwana harusi. Mwingine akasema nyumbani kwetu sikukuu ni bei rahisi, wageni ni walewale.

Mara Jupp akatokea na mama yake, Bi Hedwig, wamevaa kama kuku. Nyapara akainua bia: karibu, shangazi yake Zdravko! Jupp akanitazama. Akasubiri. Bi Hedwig akauliza shangazi wa nani tena.

Nikamkumbatia kwa nguvu, manyoya yakaniingia mdomoni. Shangazi, nikasema, umechelewa!

Jumanne, 12 Novemba
Nimelala kwenye kochi. Jupp ana blanketi nzuri. Ameacha ujumbe jikoni: niwaambie ukweli wote leo hii, au treni ni ya jioni.

Ana haki. Nimelia kidogo. Jupp wangu haendi baharini bila mimi, nitalimaliza leo mchana, mbele ya nyapara na kikosi kizima. Nimeshapata la kusema, na ni safi kabisa: mama hakunizaa, aliniokota nikiwa mchanga. Kwa hiyo sisi si binamu wa damu.

Kinachobaki ni kumpigia mama simu, nimweleze kabla hajasikia kwa wengine.