Pikipiki Iliyonukia Asumini

Jumatatu, 10 Februari 1986

Pikipiki imegoma tena. Asubuhi nzima nimeipiga kiki mpaka kikoi kikadondoka mbele ya watoto wa chuoni. Wamecheka. Nawaombea fimbo za mwalimu.

Ni ya Kiingereza, niliachiwa na Mzungu wa shamba la pamba alipohama. Mke wangu Mwanamina anaiita mke mwenza. Leo ametoa hukumu. Jumamosi mpwa wake anaolewa Mambrui. Pikipiki ikimfikisha harusini, itakaa. Isipomfikisha, Jumatatu anakuja Ndirangu wa vyuma chakavu kuikata vipande. Hayo yote kayasema huku anakuna nazi, wala hakuinua uso. Angalau angepiga kelele!

Jirani Stambuli alikuwa akisikiliza juu ya ukuta, ndiyo kazi yake. Yeye ana pikipiki ya Kijapani, nyekundu, inawaka kabla hajaigusa. Kasema kwa upole kwamba nafasi ya nyuma ipo, ikiwa shemeji atakwama. Shemeji! Nimemwambia ahsante. Moyoni nimemwambia mengine.

Jumanne, 11 Februari

Nimemleta fundi Kenga wa Kakuyuni, mtu anayefungua mdomo kuliko anavyofungua nati. Kwanza kala mahamri yote. Kisha kavua kifuniko cha ubavuni akatuonyesha, mimi na Mwanamina, kitu anachokiita pointi. Vijino viwili vya chuma. Vinagusana, vinaachana, na kila vikiachana cheche inaruka kwenye plagi. Vyangu vimelowa mafuta, kasema, basi cheche itoke wapi?

Kavifuta kwa kitambaa kikavu, kisha kapitisha kadi katikati yake, kapitisha tena, mpaka ikatoka safi. Kadi yenyewe ni ya mwaliko wa harusi, kaiokota mezani bila kuuliza. Kiki moja, ikawaka. Inaudhi.

Akauliza nani anatia mafuta humu. Nikamtazama paka.

Kasema pointi zinataka kuwa kavu kama biskuti. Grisi ni tone moja tu, tena si kwenye vijino, ni kwenye kijipande cha sufu kilicho pembeni. Tone moja! Sijapata kuona mtu bahili hivi. Mimi ni mzaliwa wa Malindi. Hapa kila kitu kinapona kwa mafuta: bawaba, magoti, upele, mtoto anayelia. Shule niliiacha darasa la tatu, nikatokea dirishani, lakini hilo halitaki shule.

Jumatano, 12 Februari

Nimeitia mafuta. Vijiko viwili, si vingi. Ni yale ya chupa iliyo juu ya kabati, ninayochota tangu wiki jana. Mafuta ya nazi, meupe, yananukia asumini. Pikipiki ya umri ule yastahili kitu kizuri.

Jioni nikaijaribu. Kimya. Bila shaka ni jicho la Stambuli.

Alhamisi, 13 Februari

Msiba. Mwanamina kashusha chupa akaikuta nusu. Kumbe ni zawadi ya bibi harusi! Kaloweka asumini humo mwezi mzima, na dada yake ameshatangazia mtaa wote wa Mambrui kwamba mafuta yanakuja. Akauliza nani kagusa. Nikasema panya. Akauliza ni panya gani anayefungua kizibo na kukirudisha. Nikasema siku hizi panya wamesoma.

Nikaanza kupiga hesabu za kujiokoa. Alipokwenda kwa jirani nikaijaza chupa mpaka shingoni kwa mafuta yaliyobaki kwenye kikaango cha papa. Rangi inakaribiana. Nani atanusa zawadi?

Kisha nikafuta pointi kama Kenga. Ikawaka mara moja. Maana yake mafuta ya jana yalikuwa yamekolea vizuri.

Ijumaa, 14 Februari

Pikipiki inanguruma vizuri kupita kiasi. Stambuli kapita akaisifu. Sijawahi kuogopa sifa kama hizo.

Kesho ni safari. Nimeitia kijiko cha njia, cha yale ya asumini niliyoficha kikombeni kabla sijaijaza chupa.

Jumamosi, 15 Februari

Tuliondoka kwa fahari. Mwanamina nyuma, buibui jipya, chupa kifuani. Nilipiga honi mbele ya kila mlango ambao mwenyewe ananidharau, kwa hiyo nilipiga honi sana.

Kwenye daraja la Sabaki ikakohoa. Ikakohoa tena. Ikafa katikati kabisa, ili wanaotoka huku na wanaotoka kule wote watuone.

Sijamaliza kutafuta uongo, Stambuli huyo, na ile nyekundu yake. Akasimama. Kanzu haina hata kunyanzi. Mimi nikavua kifuniko ili nionekane fundi. Injini ilikuwa ya moto, na harufu ikapanda. Asumini tupu, kama chumba cha maharusi.

Mwanamina akanusa. Akafungua chupa, akainusa nayo. Akakirudisha kizibo, polepole.

"Baba Saleha," akasema, "pikipiki yako inanukia bibi harusi, na chupa ya bibi harusi inanukia papa."

Stambuli alicheka mpaka akashika chuma cha daraja. Alipopata pumzi akasema, "Shemeji, achana na takataka ya mzee. Panda twende."

Moyoni nikamwona Ndirangu na msumeno wake, wazi kabisa.

Mwanamina akamtazama Stambuli. "Takataka ni yangu, Stambuli. Nitaitukana mwenyewe."

Akaitupa chupa mtoni. Akainama, akafuta vijino vile kwa pindo la leso yake mpya, akatoa ile kadi ya mwaliko kwenye mkoba na kuipitisha katikati. Kamwangalia Kenga mara moja tu, Jumanne, huku anakusanya sahani. Akaniambia nipige kiki. Nikapiga. Ikawaka.

Mambrui tumefika. Kwa kukosa zawadi Mwanamina kawapa wanawake habari nzima, na kwa maoni yao hiyo ilishinda mafuta. Wakati wa vugo, ngoma ya wanawake ya harusini, wakagonga pembe na kunitungia wimbo. Nilikuwa upande wa wanaume, tonge la biriani mkononi, kila neno likinifikia. Kiitikio kina papa. Stambuli alikiimba njia nzima ya kurudi.

Jumatatu, 17 Februari

Ndirangu alikuja na msumeno. Mwanamina akamwambia pikipiki ilimfikisha harusini, na yeye akisema neno halirudi nyuma. Kampa sufuria iliyotoboka aende nayo. Nilitaka kumshukuru. Akaniambia nisijaribu.

Ameyafungia mafuta yote kabatini: ya nazi, ya ufuta, ya kupikia, hata ya taa. Ufunguo kaufunga kwenye pembe ya leso. Akamwita Kenga, nikaapishwa mbele yake kwamba sitatia mafuta kwenye pointi maisha yangu yote. Nimeapa. Mimi ni mtu wa kuapa na kutimiza.

Usiku huu nimeitazama pikipiki. Kavu. Inatia huruma. Nimeyapima maneno ya kiapo, moja moja. Kenga alisema mafuta. Mwanamina alisema mafuta.

Samli hakuna aliyeitaja. Kopo liko wazi jikoni.